Bastola za Kigeni Katika Soko la Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa tena na tena na wasomaji wanaotaka kuelewa jinsi bastola iliyotengenezwa Austria, Brazili au Uturuki inavyofika kwenye kabati la kioo la duka la Texas au Ohio. Majibu yanahusu sheria ya shirikisho, yaani ile inayotumika nchi nzima, isipokuwa pale jimbo fulani lilipotajwa kwa jina.

## Mambo ya msingi

1. Bastola ya kigeni ni ipi hasa?

Ni bastola ambayo fremu yake ilitengenezwa nje ya Marekani. Fremu ni kile kiunzi kinachobeba kifyatulio na mpini, na sheria ya Marekani hukihesabu kuwa ndiyo silaha yenyewe, hata kama mtutu na sehemu nyingine zote hazijafungwa. Jina la kampuni lililochorwa ubavuni halitoshi kuamua jambo hili. Bastola ya XD huuzwa na Springfield Armory, kampuni ya mji wa Geneseo katika jimbo la Illinois, lakini hutengenezwa na HS Produkt katika mji wa Karlovac nchini Kroatia. Kwa upande mwingine, Walther ni jina la Kijerumani, ilhali bastola zake za PPK na PPK/S zimetengenezwa Marekani kwenyewe kwa vipindi virefu, Alabama, kisha Maine, na baadaye Arkansas.

2. Marekani ina viwanda vyake vya siku nyingi. Kwa nini inaagiza bastola kutoka nje?

Ni kweli kwamba Colt na Smith & Wesson ni majina ya karne ya 19. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 idara za polisi za Marekani zilianza kuacha rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) za risasi sita na kutafuta bastola za magazini (kasha la risasi linaloingizwa mpinini) zenye risasi nyingi zaidi, na wakati huo viwanda vya Ulaya vilikuwa vimetangulia. Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya Beretta kutoka Italia na kuipa jina la M9, ikachukua nafasi ya Colt ya 1911 iliyokuwa imetumika tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika miaka hiyo hiyo Glock ya Austria, ambayo fremu yake ni ya plastiki ngumu, ilifungua tawi katika mji wa Smyrna, Georgia, na ndani ya muongo mmoja ikawa bastola ya kawaida kiunoni mwa polisi wa Marekani. Raia naye hupenda kununua kile anachokiona kwa polisi.

Sababu ya pili ni bei. Taurus ya Brazili, Canik ya Uturuki na Armscor ya Ufilipino zilipata wateja kwa sababu mtu mwenye kipato cha wastani aliweza kupata bastola inayofanya kazi vizuri kwa fedha chache kuliko alizotakiwa kulipia bastola ya Kimarekani ya aina hiyo hiyo.

3. Bastola hizo hutoka nchi zipi?

Austria, Brazili, Uturuki, Kroatia, Ujerumani, Italia, Jamhuri ya Czech na Ufilipino ndizo zinazotajwa zaidi. Msomaji wa Kenya atatambua jina mojawapo mara moja: ile bastola aina ya Ceska inayotajwa kila mara katika taarifa za polisi wa Kenya inatoka katika kiwanda cha Česká zbrojovka cha mji wa Uherský Brod, kiwanda ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa na tawi lake Kansas kwa ajili ya soko la Marekani. Kundi la kampuni linalomiliki kiwanda hicho ndilo lililoinunua Colt yenyewe mwaka 2021.

4. Ni nani anayeruhusiwa kuagiza?

Ni mwenye leseni ya shirikisho ya uagizaji silaha tu. Leseni hiyo hutolewa na ofisi ya shirikisho inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, ijulikanayo kwa kifupi kama ATF. Leseni za biashara ya silaha zimepangwa kwa namba: namba 01 ni ya muuzaji, 07 ni ya mtengenezaji, na 08 ni ya mwagizaji wa silaha za kawaida. Ada ya leseni ya 08 ni dola 150 kwa miaka mitatu, kiasi ambacho ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani; uzito wa kazi uko katika kumbukumbu na vibali, wala si katika ada.

Juu ya leseni, mwagizaji wa kibiashara hutakiwa kujisajili chini ya Sheria ya Udhibiti wa Usafirishaji wa Silaha ya 1976, ambayo huiangalia silaha kama suala la mambo ya nje na usalama wa taifa. Raia wa kawaida hawezi kuagiza bastola kiwandani Ulaya ikamfikia nyumbani kwake. Akitaka bastola fulani iliyoko nje, itambidi amtumie mwenye leseni.

## Sheria ya 1968 na mtihani wa pointi

5. Kwa nini uagizaji wa bastola ulibanwa mwaka 1968?

Kabla ya mwaka huo, bastola ziliingia Marekani kwa wingi na ziliuzwa hata kwa barua. Rivolva ambayo Lee Harvey Oswald alimuulia polisi J. D. Tippit mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, muda mfupi baada ya Rais Kennedy kuuawa, inaeleza hali ilivyokuwa. Ilikuwa Smith & Wesson iliyotengenezwa Marekani, ikapelekwa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikarudishwa Marekani kama mabaki ya vita, mtutu wake ukakatwa ukawa mfupi, kisha Oswald akaiagiza kwa barua kutoka kampuni ya Los Angeles kwa dola 29.95. Hakuna muuzaji aliyemwona uso wake.

Jambo la pili lililowasumbua wabunge lilikuwa bastola ndogo za bei ya chini, nyingi zikitoka Ulaya, ambazo zilihusishwa na uhalifu wa mijini. Seneta Thomas Dodd wa Connecticut aliendesha mjadala kwa miaka kadhaa bila mafanikio. Baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968, Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha, na Rais Lyndon Johnson akaitia saini mwezi Oktoba mwaka huo. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, kanuni ni kwamba silaha ya kigeni haiingii mpaka ithibitike kuwa iko ndani ya msamaha uliotajwa na sheria.

6. Msamaha huo ni upi?

Ulio mkubwa unahusu silaha inayotambulika kwa ujumla kuwa inafaa hasa kwa matumizi ya kimichezo, au inayoweza kurekebishwa kwa urahisi ikafaa kwa matumizi hayo. Sheria haikueleza maneno hayo yana maana gani kwa bastola. Kazi ya kuyapa maana waliachiwa watendaji, nao wakaunda karatasi ya alama, iitwayo Fomu namba 4590, ambayo msingi wake bado unatumika.

7. Pointi huhesabiwaje?

Kwanza bastola lazima ivuke masharti ya awali. Bastola ya magazini inatakiwa iwe na kifaa cha usalama kinachoendeshwa kwa mkono, iwe na urefu usiopungua inchi 6 na kimo kisichopungua inchi 4, na jumla ya vipimo hivyo viwili isipungue inchi 10. Rivolva inatakiwa ifaulu jaribio la usalama, fremu yake isipungue inchi 4.5 na mtutu wake usipungue inchi 3. Isiyotimiza masharti haya haihesabiwi pointi hata moja.

Ikishavuka hapo, bastola ya magazini inahitaji pointi 75 na rivolva inahitaji 45. Kwa bastola ya magazini, kila robo inchi inayozidi inchi 6 za urefu huleta pointi 1, na kila aunsi moja ya uzito huleta pointi 1. Fremu ya chuma cha kufuliwa huleta 15. Risasi ya milimita 9 ya Parabellum na zinazoizidi huleta 10, ilhali risasi ya .380 huleta 3 tu na ile ndogo ya .25 haileti kitu. Mtutu unaojifunga wakati wa kufyatua huleta 5, kionyeshi cha risasi iliyomo ndani ya chemba huleta 5, na kizuizi cha pini ya kufyatulia huleta 10. Nyundo ya nje huleta 2. Mfumo unaowezesha kifyatulio chenyewe kuinua nyundo huleta 10. Vilengeo vya kurekebishwa kwa hatua huleta 10, mpini wa kulengea shabaha 5, na kifyatulio cha kulengea shabaha 2.

Tuchukue mfano. Bastola ya chuma ya milimita 9 yenye urefu wa inchi 8 na uzito wa aunsi 34 itapata pointi 8 za urefu, 15 za fremu, 34 za uzito, 10 za risasi, 5 za mtutu unaojifunga, 10 za mfumo wa kifyatulio na 2 za nyundo ya nje. Jumla ni 84, nayo inaingia. Mtu akiangalia kwa makini ataona kwamba uzito peke yake umebeba sehemu kubwa ya ushindi. Mtihani huu unaipenda bastola kubwa, nzito, yenye risasi nene, na unaikataa ile ndogo, nyepesi, ya kufichwa mfukoni, na hilo ndilo lililokusudiwa.

8. Je, ni kweli kwamba bastola zimebadilishwa umbo ili zifaulu?

Ni kweli, na huu ndio upande wa habari hii unaostahili kujulikana zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi karatasi moja ya ofisini Washington ilivyofika mpaka kwenye meza za wachoraji wa viwanda vya Ujerumani na Austria.

Walther PPK ilikuwa na kimo cha milimita 100 hivi, na inchi 4 ni milimita 101.6. Kwa tofauti ya milimita chache bastola hiyo ilifungiwa mlango. Walther walichukua fremu ya ndugu yake mkubwa, yaani PP, wakaifunga sehemu ya juu ya PPK, wakapata bastola yenye kimo cha milimita 104 iliyoitwa PPK/S. Bastola hiyo haikuzaliwa kwa sababu askari au mlenga shabaha yeyote aliihitaji. Ilizaliwa kwa sababu ya milimita nne.

Glock, kwa kuwa fremu yake ya plastiki huifanya kuwa nyepesi, ilihitaji pointi mahali pengine. Ndiyo maana bastola zake ndogo kama Glock 19 na 26 zilikuja Marekani zikiwa na kifyatulio chenye mistari, kinachohesabiwa kuwa cha kulengea shabaha, ilhali Glock 17 iliyo kubwa ilikuwa na kifyatulio laini. Bastola za Makarov zilizoingizwa kibiashara katika miaka ya 1990 zilifungwa vilengeo vya kurekebishwa ambavyo askari wa Kisovieti hakuwahi kuviona. Tokarev, bastola nyingine ya Kisovieti, ambayo kwa asili haina kifaa cha usalama cha mkono, ilitobolewa na kuongezewa kimoja.

9. Je, bastola zinazotengenezwa Marekani nazo hupita mtihani huu?

Hapana. Mtihani ni wa bastola zinazoingia tu. Bastola ndogo ambayo ingekataliwa bandarini inaweza kutengenezwa kihalali ndani ya nchi na kuuzwa duka lile lile.

Matokeo yalionekana mapema. Bastola ndogo za Ulaya zilipozuiwa, viwanda vipya vilichipuka Kusini mwa California kuziba pengo, cha kwanza kikiwa Raven Arms, kilichoanzishwa mwaka 1970 na kutengeneza bastola za .25 za bei ya chini kabisa. Kampuni ya Röhm ya Ujerumani nayo ilianza kupeleka sehemu za rivolva zake Miami, Florida, ambako zilifungwa na kuwa rivolva kamili. John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan tarehe 30 Machi 1981 kwa rivolva ya aina hiyo, RG-14, iliyofungwa Miami kwa sehemu za Kijerumani.

Kwa maoni yangu hapa ndipo sheria ya 1968 ilipopungukiwa. Kama bastola fulani ni hatari kwa sababu ni ndogo na hafifu, hatari hiyo haibadiliki kwa kujua ilitengenezwa upande gani wa bahari. Wakosoaji wamesema kwa miaka mingi kwamba sheria hiyo ilikilinda kiwanda cha nyumbani kuliko ilivyomlinda mwananchi, na mifano hii miwili inawaunga mkono.

10. Ndiyo sababu kampuni za nje zimejenga viwanda Marekani?

Ni sababu mojawapo, na kwa baadhi ya bidhaa ni sababu kuu. Kwa miaka mingi Glock 25 na Glock 28, zinazotumia risasi ya .380, ziliuzwa katika nchi nyingi lakini Marekani zilikuwa za vyombo vya dola tu, kwa kuwa hazikufikisha pointi. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilileta Glock 42, ya .380 vilevile na ndogo zaidi, ikaitengeneza Smyrna, Georgia, na raia wakaweza kuinunua bila swali la pointi kuulizwa.

Sababu nyingine ni zabuni za serikali. Beretta ilitengeneza M9 katika mji wa Accokeek, Maryland, kisha ikahamia Gallatin, Tennessee, baada ya Maryland kukaza sheria zake za silaha mwaka 2013. SIG Sauer, ambayo bastola yake ilichaguliwa na jeshi mwaka 2017 kurithi nafasi ya Beretta, ina makao New Hampshire. Taurus ilianza Miami mwaka 1982 na kuhamia Bainbridge, Georgia, mwaka 2019. Kampuni iliyo na kiwanda ndani hukwepa pia msukosuko wa ushuru wa forodha na sarafu.

## Kutoka kiwandani hadi bandarini

11. Kibali huombwaje?

Mwagizaji hujaza Fomu namba 6 na kuipeleka ATF kabla ya shehena kuondoka. Humo hueleza mtengenezaji, nchi, modeli, aina ya risasi, idadi na thamani. Modeli ambayo haijawahi kupimwa hutumwa sampuli yake kwanza ili ihesabiwe pointi kama ilivyoelezwa katika swali la 7. Kibali kikitolewa hudumu miaka miwili.

Shehena ikifika, maofisa wa forodha hulinganisha kibali na kilichomo ndani ya masanduku, na mwagizaji huwasilisha Fomu namba 6A ili mzigo uachiliwe. Bastola zilizofika bila kibali hazitoki bandarini. Zinaweza kurudishwa zilikotoka au kutaifishwa.

12. Alama zinazochongwa kwenye bastola ni zipi, na zina kazi gani?

Bastola iliyoagizwa lazima iwe na namba yake ya utambulisho, jina la mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa, modeli, aina ya risasi, na jina la mwagizaji pamoja na mji na jimbo lake. Kina cha mchongo hakiruhusiwi kupungua inchi 0.003, na maandishi ya namba hayaruhusiwi kuwa madogo kuliko inchi 1/16. Ikiwa kiwanda hakikuzichonga, mwagizaji ana siku 15 tangu mzigo uachiliwe kuzichonga mwenyewe.

Wakusanyaji wa bastola za kale hulalamika kwamba alama za mwagizaji huharibu sura ya silaha, na ukiona bastola ya miaka ya 1940 iliyochongwa jina la kampuni ya Florida au Vermont ubavuni utaelewa uchungu wao. Lakini alama hiyo ndiyo inayofungua njia ya uchunguzi bastola inapookotwa mahali pa uhalifu (tazama swali la 17). Bila hiyo, namba ya kiwanda cha Uturuki au Romania haimwambii mpelelezi wa Chicago aanzie wapi.

13. Ni kodi gani hulipwa?

Mbali na ushuru wa forodha, upo ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa bastola na rivolva, na asilimia 11 kwa bunduki nyingine na risasi. Mtengenezaji wa ndani hulipa, na mwagizaji hulipa vilevile, kwa Wizara ya Fedha. Asili ya ushuru huu ni Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, na bastola ziliongezwa mwaka 1970. Fedha hizo huenda kwa majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori na kufundisha uwindaji salama. Kwa hiyo sehemu ya bei ya kila bastola ya Kikroatia inayouzwa Montana hurudi kuwatunza kulungu wa Montana, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu.

14. Nchi zipi haziruhusiwi kuuza bastola Marekani?

Ipo orodha ya nchi ambazo silaha zake hukataliwa kwa sera ya mambo ya nje. China iliingia mwaka 1994, wakati wa Rais Clinton, na tangu hapo bastola za Norinco, kampuni ya China, hazikuja tena. Kwa Urusi, makubaliano ya mwaka 1996 yaliruhusu baadhi ya modeli tu; vikwazo vya mwaka 2014 viliigusa kampuni ya Kalashnikov, na mwaka 2021 serikali ilitangaza kutotoa vibali vipya vya silaha na risasi za Kirusi.

## Kutoka ghalani hadi mkononi mwa mnunuzi

15. Mwagizaji humuuzia nani?

Kwa kawaida humuuzia msambazaji wa jumla, naye msambazaji humuuzia mwenye duka. Waagizaji wenyewe ni wa aina mbili. Wapo walio matawi ya kiwanda cha nje, kama Glock ya Smyrna au Beretta ya Marekani, ambao huuza jina moja tu na hushughulikia wenyewe matengenezo na dhamana. Wapo pia wafanyabiashara huru wanaotafuta bidhaa popote duniani. Maarufu kuliko wote alikuwa Samuel Cummings, ambaye kampuni yake ya Interarms, yenye maghala Alexandria, Virginia, ilinunua silaha za majeshi yaliyoshindwa au yaliyobadilisha zana, na baadaye ikawa mwagizaji wa Walther. Katika zama hizi Century Arms ndiyo iliyoijulisha Canik kwa Wamarekani.

Wasambazaji wa jumla ni majina ambayo mnunuzi wa kawaida hayajui kabisa: Lipsey's ya Baton Rouge, Davidson's ya Arizona, RSR, Sports South. Hawa ndio wanaobeba hatari ya kuweka maelfu ya bastola ghalani, kuwakopesha wenye maduka, na kutuma hata bastola moja kwa duka dogo la kijijini. Baadhi yao huagiza toleo maalumu, la rangi au umbo ambalo msambazaji mwingine hana. Kila mmoja katika mlolongo huu ana leseni, na kila mmoja huandika katika daftari lake tarehe bastola ilipoingia, namba yake, na ilikokwenda. Soko linapopoa, msambazaji ndiye huumia kwanza. Kampuni mama ya Ellett Brothers, mmoja wa wasambazaji wakubwa wa South Carolina, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2019.

16. Mnunuzi hupitia hatua gani dukani? Na akinunua mtandaoni?

Hatua ni zile zile kwa bastola ya kigeni na ya ndani. Mnunuzi hujaza Fomu namba 4473, huonyesha kitambulisho, na muuzaji huwasiliana na mfumo wa FBI wa kukagua rekodi, ulioanza kazi tarehe 30 Novemba 1998 chini ya Sheria ya Brady. Sheria ya 1968 inamtaka anayenunua bastola kwa muuzaji mwenye leseni awe na umri wa miaka 21, ingawa sharti hilo limepingwa mahakamani miaka ya karibuni. Mtu akinunua bastola mbili au zaidi kwa muuzaji mmoja ndani ya siku tano za kazi, muuzaji lazima atoe taarifa kwa ATF.

Anayelipia kwenye mtandao bastola inayouzwa na duka la jimbo jingine haletewi mlangoni. Inatumwa kwa mwenye leseni katika jimbo lake, na hapo ndipo hujaza fomu na kukaguliwa. Baadhi ya majimbo huongeza kibali cha kununua au siku za kusubiri.

California imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2001 ina orodha ya bastola zilizofaulu majaribio ya usalama, na dukani haiuzwi mpya isiyomo. Masharti ya orodha yaliongezwa kadiri miaka ilivyopita, kiasi kwamba kwa muda mrefu Glock zilizokuwamo zilikuwa za kizazi cha tatu, ilhali majimbo mengine yalikuwa yameshapokea cha nne na cha tano. Mwagizaji anayepanga shehena hulazimika kufikiria ramani hii yote. Massachusetts na Maryland nazo zina orodha zao.

17. Bastola ikikutwa mahali pa uhalifu, hufuatiliwaje?

Polisi hutuma maelezo ya alama kwa kituo cha ufuatiliaji cha ATF kilichoko Martinsburg, West Virginia. Marekani haina rejista moja ya kitaifa ya wenye bastola, kwa hiyo wafanyakazi wa kituo huanza na mwagizaji aliyetajwa kwenye mchongo. Mwagizaji hutazama daftari na kumtaja msambazaji, msambazaji humtaja mwenye duka, na mwenye duka huchukua Fomu 4473 na kumtaja mnunuzi wa kwanza. Njia huishia hapo. Kama mnunuzi huyo alimuuzia jirani yake, hakuna daftari la shirikisho linaloeleza hilo.

## Hali za pekee

18. Je, polisi na jeshi hubanwa na mtihani wa pointi?

Hawabanwi. Silaha zinazoagizwa kwa matumizi ya serikali ya shirikisho au ya jimbo zina msamaha wake. Bastola za aina hiyo huwekewa mipaka ya mauzo, na mwagizaji hawezi kuzihamishia kwenye kabati la raia kwa sababu tu hazikununuliwa.

19. Bastola za kale za kijeshi huingiaje?

Sheria ya 1968 ilizifungia silaha za mabaki ya majeshi. Marekebisho ya mwaka 1984 yalifungua dirisha kwa zile zinazotambuliwa kuwa za kumbukumbu, kwa kawaida zenye umri wa miaka 50 au zaidi, lakini kwa bastola sharti la kufaa kimichezo lilibaki. Mkusanyaji anaweza kupata leseni namba 03 kwa dola 30 za miaka mitatu, inayomwezesha kununua vitu hivyo kutoka majimbo mengine. Leseni hiyo haimpi ruhusa ya kufanya biashara.

20. Mimi ni Mtanzania niliye Marekani kwa viza. Naweza kununua bastola?

Kwa anayeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, utalii au kazi, kanuni ni kwamba haruhusiwi kununua wala kumiliki silaha wala risasi. Kuna misamaha michache, unaojulikana zaidi ukiwa wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kosa hili ni jinai ya shirikisho, na kwa mgeni linaweza kuvuta nyuma yake kufukuzwa nchini. Afadhali kumwuliza wakili kabla ya kugusa hata bastola ya rafiki kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Mwenye ukaazi wa kudumu hubanwa na masharti yale yale yanayombana raia, pamoja na kuthibitisha makazi yake katika jimbo.

21. Kampuni ya nje inaweza kushtakiwa kwa uhalifu uliofanywa kwa bastola yake?

Sheria ya mwaka 2005 inawalinda watengenezaji, waagizaji na wauzaji dhidi ya madai mengi ya aina hiyo, isipokuwa katika mazingira machache kama vile bastola yenye kasoro au muuzaji aliyevunja sheria kwa kujua. Mexico ilizifungulia kesi kampuni kadhaa mwaka 2021, zikiwamo Glock na Beretta, ikidai kwamba mtindo wao wa kusambaza huzifikisha bastola mikononi mwa magenge ya Mexico. Tarehe 5 Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wote, iliamua kwamba madai hayo, kwa jinsi yalivyoandikwa, hayakuonyesha kuwa kampuni zilisaidia uhalifu kwa makusudi.

22. Mkazi wa Marekani akisafiri na bastola yake kwenda kuwinda Afrika Mashariki, akirudi huhesabiwa kuwa ameagiza?

Hahitaji Fomu namba 6 akithibitisha kuwa bastola hiyo aliondoka nayo. Kabla ya safari huipeleka kwa ofisi ya forodha, ambako namba yake huandikwa katika Fomu namba 4457 na kugongwa muhuri. Akirudi huonyesha fomu hiyo. Ruhusa ya kuingia nayo Tanzania au Uganda ni jambo jingine kabisa, linaloombwa kwa mamlaka za nchi hizo kabla ya safari.